Mionzi Iliyotoroka Kabla Kaka Hajafika

Kipima mionzi hakinyamazi. Changu hulia "tik" mara 20 hivi kwa dakika hata kikiwa mezani peke yake, maana ardhini kuna urani na thoriamu, kuta zimetoka humohumo ardhini, na angani nako miale inatushukia kutwa kucha. Hayo nilikuwa nayajua. Nilisoma, jamani.

Siku hiyo mvua ilipiga ghafla baada ya jua kali, ikapungua ikawa manyunyu. Nikatoka na tishu, nikafuta kioo cha mbele cha gari, nikarudi nayo ndani, nikaiweka chini ya kipima. Kikachachamaa: tik-tik-tik-trrrrr! Namba ikavuka 200.

Mama mkwe alikuwa sebuleni. "Baba, unakaanga nini humo?"

"Mama, tokeni nje! Wote! Msiguse kitu!"

Kama hujawahi kumtimua mama mkwe ndani ya nyumba, usijaribu. Alitoka na kiatu kimoja, wajukuu wakimtangulia kwa shangwe, mke wangu nyuma na uso ambao sitausimulia. Nikawapanga uani, mbali na nyumba, manyunyu yakiwapiga. Halafu nikampigia kaka yangu mkubwa, mwalimu wa fizikia, aje mbio.

Kaka hajui mbio. Saa mbili nzima! Alipofika akaikunjua tishu, akaisogeza kwenye kipima.

Tik.

Tukangoja.

Tik.

"Ndiyo hii iliyokutoa roho?"

Nikaapa kwamba ilikuwa inanguruma. Mke wangu akakohoa kile kikohozi chake. Kaka akauliza nimeipata wapi, nikamwambia, akacheka mpaka akashika meza.

"Urani ya ardhini ikioza, yaani atomi zake zikijivunja na kutoa mionzi, huzaa radiamu, radiamu huzaa radoni. Radoni ni gesi, inapenya udongo na kupanda hewani. Nayo ikioza, watoto wake wanang'ang'ania vumbi, mvua inawazoa na kuwashusha. Ndio uliowafuta kwenye kioo. Hawadumu hao, kila nusu saa hivi nusu yao wamekwisha. Sasa mimi nitapima nini?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni anakamua shuka. "Kwa hiyo, mwalimu, hivyo vitu vilikuja na mvua?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi alituweka wapi?"

Nikajifanya natafuta betri.

Kaka, kwa huruma, akajaribu kuniokoa. Akasema kiasi kile hakimdhuru mtu, mvua nyingi huja nacho, na kwamba hata mwilini mwa mtu mzima, kwa potasiamu peke yake, atomi zaidi ya 4,000 huoza kila sekunde. "Hata huyu hapa, shemeji, anatoa mionzi usiku kucha, na hujawahi kudhurika."

"Usiku kucha?" mke wangu akauliza.

Akaingia chumbani, akatoka na mto wangu na blanketi, akavitupa kwenye kochi la sebuleni.