Pweza, ridhaa na jedwali la pamoja

Timu ya utafiti wa uvuvi endelevu ikishuka Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kila fani huja na daftari lake. Mwanabiolojia anapima uzito wa pweza na kuchukua alama ya GPS ya kila pango. Mtaalamu wa jamii anawahoji wachokoaji, yaani wanaowatoa pweza mapangoni kwa kijiti maji yakipwa, akiwa amewaahidi kuwatunzia siri. Mvutano huanza siku mtu anaposema: tuunganishe daftari zote ziwe jedwali moja.

Hoja ya kuunganisha ni nzito. Mwamba ukifungwa usivuliwe miezi mitatu, pweza, ambaye hukua haraka mno, huja mzanini mkubwa, na uzito peke yake utasema zoezi limefaulu. Ila miezi mitatu ni bamvu sita hivi, yaani vipindi sita vya maji kupwa sana, mwamba ukawa wazi. Mwanamke anayechokoa kwa mguu, asiye na mtumbwi wa kumfikisha mwamba mwingine, amekosa bamvu zote hizo. Bila mahojiano, hasara yake haimo kwenye hesabu.

Kwa upande wa pili, futa jina, lakini “mjane, miaka 54, kitongoji fulani, mwamba fulani” bado ni jina. Hata mtoto atakupeleka hadi mlangoni. Kama alikiri kuuza pweza wa chini ya gramu 500, kiwango cha chini kisheria, jedwali hilo ni ushahidi dhidi yake. Mwanabiolojia hakumwahidi mtu kitu, hivyo faili anamtumia mfadhili bila wasiwasi. Simlaumu sana: pweza hawajazi fomu ya ridhaa.

Kwangu, ahadi ya mmoja inawafunga wote, na kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hakiifuti. Data ziunganishwe kwa mwamba mzima, si kwa mtu. Umri uwe wa makundi ya miaka kumi, na kundi lenye watu chini ya watano lichanganywe na jingine. Orodha ya majina aishike mtu mmoja. Gharama ipo: hutaweza tena kulinganisha ndoo ya fulani na chakula cha nyumbani kwake, na hilo ni pengo la kweli.

Halafu posho. Nahodha analipwa kwa siku. Aliyehojiwa kwa muda wa saa mbili anapewa soda, tena siku ya bamvu, maji yakiwa yametoka. Mahojiano yangefaa maji mafu, siku ambazo maji hayapwi sana, vipimo vya mwambani bamvu. Hizo ni safari mbili, na bajeti nyingi huandikwa kwa moja.