Gari kelele, dereva jasho

Jamani hii gari yangu nikigonga themanini pale barabara ya Dongo Kundu redio ndo kwaheri, nikiongeza sauti upepo nao waongeza, alokaa mbele twaongea kwa mikono.

Na usithubutu kumwambia mtu hapa Mombasa, kila mtu fundi. Jirani asema ni matairi, shemeji asema ni keria, muuza kahawa ambae hata baiskeli hajamiliki asema ni raba za milango. Cha kuudhi wote wako sawa! Keria tupu juu ya dari yapiga mluzi mwendo ukizidi, nimeitoa umeisha. Matairi nayo yameliwa upande kisa alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawa, hayo ndo yavumayo chini ya miguu hasa lami ikiwa chakavu. Raba sasa, jua letu na chumvi ya bahari vimezikausha, ukizibonya hazirudi. Kuzipima weka noti mlangoni, funga, vuta, ikishikwa raba iko sawa, ikitoka kirahisi upepo wapita hapo hapo. Mie nimeweka ya hamsini imetoka bila hata kuvutwa sana, mwanangu kaidaka kakimbia nayo dukani.

Halafu kuna fundi kaniuzia yale mashiti meusi yenye foili, ya kubandika chini ya kapeti. Yatuliza bati lisitetemeke, hilo kweli, lakini upepo upenyao mlangoni wala hauna habari nayo. Kabandika gari nzima mpaka ndani ya buti, pesa ishaingia mfukoni, ndo ananambia bosi, ungeanza na raba kwanza. We!

Haya raba mpya zimeingia. Ila raba kazi yake mpaka kioo kifungwe, na eisii yangu, ile ya kupoza hewa ndani, ilikufa zamani. Hebu jifungie vioo vyote saa nane mchana mwezi wa tatu, foleni ya Changamwe, lori mbele lori nyuma, uone kama hujaiva. Mke wangu kashika mtandio ajipepea, "Baba Salim, ama tusikizane ama tupumue, chagua moja." Nikachagua eisii, bei yake siisemi hapa, kuna watu wananidai watasoma.

Sasa kimya. Wallahi kimya cha kweli, na ndo nikajua ule upepo ulikuwa wanisitiri mengi. Nikikata kona kushoto bearingi ya gurudumu la kulia yanguruma, hiyo nayo kumbe ilikuwepo siku zote. Na ndani ya dashibodi kuna kitu chalia kri kri kri kila tuta. Kuwabana watoto, mdogo kakubali kaingiza shilingi kumi kwenye tundu la hewa. Fundi asema mpaka ashushe dashibodi yote, elfu nne.

Elfu nne, bwana, nikatoe shilingi kumi!