Protini mota: zinasukuma zenyewe au zinadaka mtikisiko?

Hii ishu ya protini mota, yaani protini zinazosogeza vitu ndani ya seli, watu wengi wanaimaliza haraka mno, ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) imevunjwa, umbo limebadilika, mzigo umesogea, basi. Sa hilo badiliko la umbo lenyewe linafanya nini? Linasukuma, au linadaka tu mtikisiko, yaani kule kuyumba kwa protini ikipigwa na molekuli za maji, kwa kuizuia isirudi nyuma?

Wanaosema linasukuma wana ushahidi mzito. Angalia mayosini, protini mota ya msuli, fosfeti (kipande cha ATP iliyovunjwa) ikichomoka kichwani kuna kabadiliko kadogo sana pale ndani, ile shingo ndefu inakakuza kama mtaimbo, ncha inaruka nanomita 5 mpaka 10 na uzi wa akitini, protini ambayo kichwa kinaishika, unavutwa. Watafiti wakafupisha shingo, mwendo ukapungua, wakairefusha, mwendo ukaongezeka. Kwa mayosini mi sioni pa kubishia.

Ila kinesini, protini mota nyingine yenye vichwa viwili, ndo inavuruga hesabu. Inatembea juu ya mikrotubuli (vijirija vyembamba ndani ya seli) hatua ya nanomita 8, ATP moja kila hatua, na inavuta mpaka pikonyutoni 6 hivi (kipimo kidogo mno cha nguvu), kwa saizi yake si mchezo. ATP ikiingia kwenye kichwa kilichoshika, kauzi kafupi ka shingoni kanajibana kuelekea mbele, kichwa cha nyuma kinaachia, kinayumbayumba kwa kupigwa na molekuli za maji, kikigusa kituo cha mbele kinashika. Sasa kale kauzi kakijibana nishati inayotoka ni kidogo, haitoshi kulipia kuvuta mzigo mzito hatua nzima, kwa hiyo mtikisiko unabeba sehemu kubwa. Wazo la kudaka mtikisiko mwanafiziolojia A.F. Huxley alishalitoa kwa msuli tangu 1957.

Lakini wanaoutukuza mtikisiko nao wanasahau kwamba wenyewe hauna upande, mbele na nyuma kwake sawa tu, na ATP inalipia huo uchaguzi wa upande unaofanywa na umbo. Mayosini V, ndugu wa ile ya msuli inayotembea na mzigo ndani ya seli, inaonyesha vyote viwili kwa wakati mmoja, hatua yake ni nanomita 36, shingo inarusha kama 25, zinazobaki kichwa kinazitafuta kwa kuyumba.

Hata dawa zinapita humuhumu. Mavacamten, iliyoidhinishwa Marekani 2022 kwa wagonjwa ambao msuli wa moyo umenenepa mpaka unaziba njia ya damu, inafanya vichwa vingi vya mayosini vibaki vimejikunja, visiishike akitini kabisa, na moyo unapunguza kujikaza kupita kiasi.