Ukuta wa Kibokoni haukupandisha ushuru

Mtu kapuliza matusi ya serikali, kwa rangi nyekundu ya mkebe, kwenye ukuta wa nyumba ya matumbawe pale Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Haya, hongera mwanaharakati. Ushuru umeshuka?

Hasira naielewa. Ninaougombea ni ukuta. Tumbawe lina matundu na plasta yake ni ya chokaa, inanywa unyevu na kuutoa, kwa hivyo rangi ya mkebe haikai juu, inazama. Mwenye nyumba anakuja na thina na kitambaa: herufi zinafutika, wekundu unasambaa na kuingia ndani zaidi. Anakodi mashine ya maji ya presha, plasta inang'oka. Mwisho anaitwa fundi, anaziba kwa saruji, na hapo ndipo balaa lenyewe. Saruji ni ngumu, haipumui. Unyevu wa chumvi unakwama nyuma yake, chumvi inaganda na kusukuma, mpaka kipande kizima kinaanguka na jiwe lake.

Dawa ipo, ila yataka subira. Jaribu kwanza pembeni, upana wa kiganja. Kanda udongo mweupe laini na dawa ya kuondolea rangi uwe kama uji mzito, paka unene wa sentimita moja, funika kwa nailoni usiku kucha. Kesho yake fungua, acha ukauke, bandua. Rudia. Kivuli kikibaki, lowesha ukuta upake chokaa nyepesi mikono mitatu. Ukikimbilia chokaa kabla rangi haijatoka, haitashika.

Na kaunti isicheke. Mwaka 2018 iliamuru majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu, gharama juu ya mwenye jengo. Rangi ya plastiki juu ya chokaa nayo hubambuka vivyo hivyo, tofauti ni kwamba ile ilikuja na barua.

Mtasema bila uharibifu hakuna anayesikiza. Kweli, kidogo. Mary Richardson, aliyedai kura kwa wanawake, aliikatakata picha ya Venus kwenye jumba la sanaa la National Gallery kule London mwaka 1914, na bado tunamtaja. Lakini wanaharakati wa mazingira waliomwagia supu picha ya Van Gogh 2022 kwenye jumba lilelile walijua ina kioo. Nairobi, 2013, nguruwe na damu vilifikishwa mlangoni pa Bunge kwa sababu ya mishahara ya wabunge: damu huoshwa kwa maji, aibu haikuoshwa. (Hapa Mombasa nguruwe msijaribu. Mjadala utahama kutoka mishahara hadi dini kabla ya adhuhuri.)

Mnataka maneno makubwa? Nunueni marikani yadi sita. Ipakeni wanga kwanza, ikauke, la sivyo rangi itatambaa na herufi zitaungana. Herufi za sentimita 30 zinasomeka vizuri kutoka mita 30. Nyembamba hazisomeki hata karibu. Shoneni pindo juu na chini, pitisheni kamba ndani yake, maana mkitoboa vitundu vitupu kusi litavichana. Wakija askari, mnaikunja na kukimbia nayo. Ukuta hauwezi.