Kelele Inayomkimbia Fundi

Land Rover yangu ni 110 ya mwaka 1986, dizeli, bodi ya alumini. Alumini haili kutu, ila kila kipande kina ugomvi na mwenzake, na ugomvi wenyewe unasikika. Mwenye gari la aina hii hashtuliwi na kelele. Za zamani anazijua zote: mlango wa nyuma, boneti, shokapu ya kulia, na kile kibati ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Ikinyamaza moja ndipo unasimama kando ya barabara kutazama kimedondoka nini.

Hii niliyoisikia tukitoka Pongwe ilikuwa ngeni. Nge-nge-nge-nge, kimya kidogo, tiii, halafu nge-nge-nge tena. Chuma juu ya chuma.

"Umesikia?" nikamuuliza mke wangu.

"Nimesikia, Baba Zuhura. Hicho kitu kinatuita."

Nikashukuru kupata shahidi, maana kwa jinsi ninavyoijua Tanga nilijua nitamhitaji.

Fundi wangu ana gereji chini ya mwembe huko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Jina lake la mjini ni Bonge, na aliyempa hakumwonea. Akipanda gari, gari linajua. Linainama upande wake, springi zinaitikia, na mlango unafungwa kwa awamu mbili. Siku hiyo nilimkuta akimfokea spanaboi wake, kijana mkavu kama ufito, kisa spana ya ringi namba 13. Imepotea. Spana zote za Bonge zina ukanda wa rangi nyekundu shingoni, na kwa sheria zake spana yenye rangi nyekundu haipotei bila mkono wa mtu. Kijana akaapa hajaiona. Bonge akamkata elfu nane.

"Haya bosi, tukaisikilize," akanigeukia, hasira imeshaisha.

Yeye hukaa kushoto, mimi naendesha. Anasema fundi akishika usukani anaanza kusikiliza kwa miguu. Tukaenda mpaka Raskazone, tukapita kando ya bahari, tukarudi kwa njia ambayo nilichagua makusudi kwa mashimo yake. Wapi! Gari limetulia, linakwenda kwa heshima zote.

"Bosi, gari hii nzima."

Nikamshusha. Sijafika hata kona ya pili: nge-nge-nge-nge.

Nisimvunjie heshima mtu wa watu. Bonge ni fundi. Aliniuliza maswali yanayotakiwa kuulizwa. Kelele inafuata injini au inafuata matairi? Ukipata mteremko, weka niutro, acha gari lijiendee. Ikikatika, hiyo iko mbele kwenye injini. Ikiendelea, iko chini: propela (ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye matairi), difu, beringi. Ukikata kona inabadilika? Ikibadilika, shika beringi za tairi kwanza. Mimi nilimjibu kwa uaminifu kwamba haifuati injini, wala haifuati mwendo sawasawa, inafuata mashimo. Hapo ndipo, nikitazama nyuma, tulipaswa sote wawili kunyamaza tukafikiri. Lakini Bonge alikuwa ameshaingia uvunguni.

Akaishika propela ya nyuma kwa mikono miwili, akaisokota huku na huku. Krosi, kile kiungo cha propela, ya upande wa difu ikacheza. Kuzunguka kikombe chake kulikuwa na unga wa kutu, mwekundu, laini. Akaupangusa kwa kidole gumba akanipakaza kiganjani ili nisije nikasema ameitunga. Grisi imekwisha, vile visindano vya ndani vimesagana. Tukabadilisha krosi. Ule mlio niliouzoea, "ko!", kila nikitoka gia ya mbele kwenda rivasi, ukafa palepale. Nge-nge ikabaki.

Ikaja zamu ya propela ya mbele. 110 huvuta kwa miguu yote minne muda wote, haina zile habu za kufungua na kufunga kwenye matairi ya mbele. Ukitaka kujua kama kelele iko mbele, unaichomoa propela ya mbele yote, unafunga difu loki ya katikati, ile inayofunga mbele na nyuma zizunguke pamoja, gari linasukumwa na nyuma peke yake. (Ukisahau kufunga loki utakanyaga mafuta mpaka magharibi na gari halitoki hapo lilipo.) Nikaendesha na Mama Zuhura: ipo. Nikaendesha na Bonge: haipo. Tukairudisha propela mahali pake. Bonge akafuta mikono taratibu, akaniuliza kama nalala vizuri siku hizi.

Habari ikafika baraza la kahawa kabla yangu. Wa kwanza akasema difu. Wa pili akasema beringi. Wa tatu, ambaye tangu nimjue hajamiliki hata baiskeli, akasema niuze.

Mama mkwe hakuhitaji maelezo. Kelele inayomkimbia fundi, yeye anaijua. Nanyi wasomaji wa bara, mnaosubiri uganga kila mtu akitaja Tanga, chukueni hiki, sina kingine: alikuja asubuhi na chetezo, akafukiza ubani viti vyote kimoja kimoja, akanyunyiza marashi kwenye dashibodi, akasoma alichosoma, akashuka. Gari likanukia harusi. Nge-nge-nge ikaendelea, sasa ikiwa imejifukiza.

Kuna mzee mmoja pale barazani alikuwa hajasema kitu. Ameendesha Land Rover za mashamba ya mkonge ujana wake wote, na mtu aliyezunguka katika mashamba yale na gari bovu ana subira ambayo sisi hatuna. Akaweka kikombe chini.

"Mkeo ana kilo ngapi?"

Baraza zima likanyamaza. Hilo si swali la barazani.

"Mnanitazama nini? Namuuliza anayeisikia na asiyeisikia, nani mzito? Mwanangu, mkalishe Bonge nyuma."

Tukajipanga hivi: mimi usukani, spanaboi mbele kushoto, Bonge nyuma kwenye benchi la pembeni, magoti yamemfika kidevuni. Timu yetu ya soka, Coastal Union, ilikuwa nyumbani siku hiyo, na barabara ya kuelekea uwanja wa Mkwakwani imejaa mashabiki wa hao hao Wagosi wa Kaya, mavuvuzela, na wauza juisi ya miwa. Tukaingia shimo la kwanza.

Nge-nge-nge-nge. Tiii.

"Naisikia!" Bonge akapiga kelele. "Wallahi naisikia! Iko mbele! Simama, simama hapo hapo!"

Nikasimama katikati ya watu. Akateremka kwa nyuma, akazunguka, akamtoa kijana kwenye kiti kwa ukosi wa shati, naye akajitupa pale kwa uzito wote aliojaliwa. "Ondoa gari." Nikaondoa. Nge — ikakatika. Bonge akatabasamu, akainua kidole.

"Umeona? Basi iko hapa hapa, chini ya..."

Hakumaliza. Akavuta pua. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda katikati ya mapaja yake, bila haraka.

"Bosi," akasema kwa upole, "mwambie mama mkweo ubani wake haujazimika."

Ubani haunuki mpira unaoungua. Kukasikika tss-tss-tss, halafu paa! Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, Bonge alitoka garini kwa awamu moja. Mashabiki walidhani kuna bao. Nikazima injini nikaruka upande wangu, na muuza juisi mmoja mwenye moyo mwema akaja mbio na jagi lake la miwa, tayari kumwagia kiti. Spanaboi akamziba njia. Akang'oa godoro la kiti, akafungua mfuniko wa bati, akachukua mpini wa nyundo, akagonga mara moja. Kitu kikaruka kikaanguka barabarani.

Sasa, ambao hamjawahi kumiliki gari hili: betri ya 110 haikai kwenye boneti. Inakaa ndani ya sanduku chini ya kiti cha mbele kushoto. Yangu ilipokufa, Bonge aliniwekea ya lori. Inawasha vizuri kwelikweli, ila ni ndefu, vichwa vyake karibu vibusu mfuniko, kwa hiyo akakata kipande cha mpira wa tairi akatandika juu ili bati lisiguse kichwa cha chanya likapiga shoti. Hapo hakuna cha kumlaumu. Lakini alisahau spana juu ya mpira. Mtu mwepesi akikaa, spana inacheza ndani ya sanduku na kugonga kuta: nge-nge-nge. Bonge akikaa, bati linabonyea linaibana, kimya. Na siku ile ya mechi, mashimo yalikuwa yameshausogeza ule mpira pembeni na kuiachia spana imelala juu ya kichwa cha chanya, ikimsubiri.

Tukainama wote kuitazama pale chini. Ncha moja ilikuwa nyeusi, imeyeyuka kidogo, ina kipande cha risasi ya betri kimeganda juu yake. Ncha ya pili ilisomeka vizuri kabisa: 13. Shingoni, ukanda mwekundu.

Bonge alikuwa ameshika suruali yake kwa nyuma kwa mkono mmoja. Akaangalia spana. Akaangalia juu. Akaangalia upande wa uwanja ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia.

"Elfu nane," kijana akasema.

"Tukifika gereji."

"Hapa, fundi. Mbele ya hawa."

Hawa walikuwa wamefika thelathini, na mmoja alishapuliza vuvuzela kuunga mkono hoja. Bonge akatoa elfu kumi, akaambiwa hakuna chenji, akakubali hakuna chenji. Nami nikaona ni muda mzuri wa kuuliza kuhusu ufundi wa ile propela ya mbele tuliyoichomoa na kuirudisha. Akasema hilo tutalizungumza kama ndugu.

Kijana akakunja noti yake, akaitia mfuko wa shati, akakohoa.

"Na ile bisibisi ya nyota uliyonikata mwaka jana, fundi?"

Bonge hakumjibu. Aligeuka polepole, akalitazama Land Rover langu kuanzia taa hadi bampa la nyuma.

"Bosi," akasema, "hiki kiti cha dereva nacho kinafunguka?"