Wafumaji wa kwenye michoro wanastahili kuangaliwa vizuri

Makala nzuri ila mwandishi kasema eti wasanii wa zamani walichora wafumaji kama pambo tu, hapo sikubaliani naye kabisa. Kuna kichupa cha mafuta cha Wagiriki kiko makumbusho ya Metropolitan kule New York, kimechorwa na yule anaeitwa Mchoraji wa Amasis kama miaka 550 kabla ya Kristo, kirefu sentimita 17 tu lakini kazi nzima imo humo, wanawake wanapima sufu kwenye mizani, wengine wanasokota uzi, wawili wamesimama kwenye mtambo wa kufumia nguo na ukiangalia chini ya mtambo unaona vile vizito vimening'inia kuvuta nyuzi za mtande, zile zinazotandikwa kwanza, zikae wima! Sasa hilo ni pambo? Wanaochunguza historia wanausoma mtambo wenyewe kwenye mchoro huo, maana mbao zilishaoza zamani, vilivyobaki ardhini ni vile vizito vya udongo.

Halafu Velázquez, mchoraji wa Hispania, ule mchoro wake wa wasokotaji uzi uko makumbusho ya Prado, Madrid, tazama gurudumu la yule mama anayesokota, njiti zake hazionekani kabisa jinsi linavyozunguka kasi, yaani mtu kachora mwendo miaka ya 1650 huko kabla hata kamera haijakuwepo. Na mchoraji van Gogh 1884 pale kijiji cha Nuenen, Uholanzi, aliwachora wafumaji mara nyingi sana, mtambo mkubwa mweusi na mtu kakaa katikati yake kama yuko ndani ya kizimba, mie ule huwa unanigusa sana.