Tulsi ina kiti, kivumbasi kimeachwa uzioni

Kwenye nyumba nyingi za Wahindu kule India, hasa waumini wa mungu Vishnu, mtulsi, mmea wa majani yanayonukia, haupandwi pembeni. Hujengewa kijiguzo chake katikati ya ua. Asubuhi mama mwenye nyumba akishaoga huumwagilia maji na kuuzunguka akiomba, na jioni huuwashia taa ya samli. Hata kuchuma kuna adabu: jua likizama hauguswi, na wengi hawachumi Jumapili. Mwezi wa Kartik, yaani Oktoba au Novemba, huvishwa shela nyekundu ukaozwa kwa Vishnu. Bwana harusi ni jiwe jeusi linalomwakilisha Vishnu, lililookotwa mto Gandaki, Nepal! Harusi za binadamu ndipo zinapofunguliwa msimu. Na mtu akiwa sakaratini, hutiwa kinywani jani la tulsi na maji ya mto Ganges.

Sasa mtoto akiamka na kikohozi, bibi huchuma majani ya mti uleule, akayachemsha na tangawizi na pilipili manga, kisha akatia asali.

Wapo wanaosema dini imeupa mti huu sifa zisizo zake. Mimi naona dini ndiyo iliyoitunza dawa. Mti unaoombewa kila siku haukosi maji, na anayeumwagilia anajua pia namna ya kuuchemsha. Mwaka 2020, wakati wa korona, wizara ya tiba za asili ya India iliposhauri watu wanywe tulsi na mdalasini, pilipili manga, tangawizi kavu na zabibu, wengi walikuwa na mtulsi uani tayari. Sisi mwaka huohuo tulikuwa chini ya mablanketi tukijifukiza, kila mtu na majani aliyoelekezwa na jirani.

Na tunao kivumbasi, ndugu wa tulsi wa ukoo mmoja. Fikicha jani la tulsi unuse: ni karafuu kabisa, kwa sababu lina yujeno, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba ukali wake. Kivumbasi nacho mara nyingi kinayo. Wazee wetu walikichoma kufukuza mbu, wakajifukizia mafua. Lakini ukikipanda leo mlangoni, watu wataanza kuulizana unaaguliwa na nani. Mrehani umenusurika na maneno hayo: rehani imetajwa katika Surat Ar-Rahman, inapamba vikuba vya bibi harusi, na hakuna anayeinong'ona. Kivumbasi hakikupata wa kukisemea.

Kinachoniudhi zaidi ni makopo ya unga wa tulsi yanayouzwa mitandaoni, lebo imejaa kisukari, presha, kansa na nguvu za kiume. Bibi wa India hajawahi kudai hayo kwa kikombe chake cha kikohozi. Kuna tafiti ndogo zinazoonyesha kwamba tulsi inaweza kushusha sukari, na hapo ndipo hatari ilipo: mwenye kumeza vidonge vya kisukari akiongezea unga huo, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye amwambie daktari kwanza, na mjamzito aache tu.

Makopo hayo sinunui. Kivumbasi nimekipanda mbele ya nyumba, karibu na geti, na wanaotaka kuuliza waulize.